Maji ya Kuonyesha Wageni

Kwetu Kaptoroi hunyesha. Hilo lieleweke mapema, asije mtu akatuonea huruma ya jangwani. Karibu kila alasiri mvua hupiga mabati mpaka mwalimu ananyamaza ubaoni, kisha jua linatoka na chai inameta mlima mzima. Watu wa Nairobi wakipita barabara ya Sosiot husimamisha magari wapige picha. Eti hawa watu wamebarikiwa! Wangeuliza hiyo baraka inaenda wapi. Inateremka yote bondeni, na nyumba zetu ziko juu, na wa kuifuata huko chini na kuirudisha mlimani ni mwanamke, na mtungi wa lita ishirini umefungwa kamba mgongoni.

Pipa lipo, ndiyo. Kila boma lina pipa chini ya paa. Lakini pipa ni la watu wenye afya, wanaonawa uso na kwenda zao kazini. Januari ikifika na mvua ikakatika, pipa hubaki na viluwiluwi. Na nyumba yenye mgonjwa hulimaliza pipa kabla ya mvua nyingine kuja.

Rebeccah Chepkosgei aliijua njia ya bondeni kuliko alivyoijua njia ya kanisani, na kanisani hakukosa. Aliolewa kutoka upande wa Fort Ternan, ambako kisima kilikuwa karibu na mlango wa mama yake. Wiki ya kwanza ya ndoa alirudi kutoka mtoni akihema, mtungi mgongoni, na mama mkwe akamwambia, "Utazoea." Hakuzoea. Watu husema binadamu huzoea kila kitu, na huo ni uongo wa watu wasiobeba. Rebeccah alinyamaza tu. Goti lake la kulia lilianza kuuma kabla mtoto wake wa kwanza, Kiplimo, hajaingia shule, na halikuacha tena.

Mumewe, Bethwel, alikuwa akipima majani katika kituo cha kununulia chai, na alienda kazini na shati jeupe. Shati jeupe, katikati ya matope na utomvu wa chai! Alikuwa msafi, usafi wa kuudhi. Aliosha miguu kabla ya kuvuka kizingiti, akaosha jembe, akaosha hata kamba ya ng'ombe. Majirani walimcheka kwamba siku moja Bethwel ataosha mvua yenyewe. Rebeccah alilalamika, maana usafi huo ulipanda mlima mgongoni kwake, lakini Jumapili akiketi kando ya lile shati alijiona mke wa mtu. Hilo hakumwambia.

Kisha kiharusi kikampiga Bethwel. Upande wa kulia ukafa wote, ulimi ukawa mzito, na mwanamume aliyekuwa akiosha kamba ya ng'ombe akawa wa kuoshwa. Mtu asiyeweza kwenda chooni hutaka maji kuliko ng'ombe wa maziwa. Rebeccah alishuka bondeni asubuhi, akashuka mchana, akashuka jioni, na siku tumbo la mgonjwa lilipochafuka alishuka tena. Bethwel hakulia daktari aliposema hatatembea. Alilia siku aliyolala katika uchafu wake tangu asubuhi mpaka saa saba, kwa sababu maji yaliisha na mkewe alikuwa bado njiani. Rebeccah alimkuta hivyo, chozi linashuka upande mmoja tu wa uso. Akamfuta, akambadilisha shuka. Moyoni akaapa kwamba huyu mwanamume hatakufa kabla maji hayajafika hapa juu, na atamwogesha kwa maji ya mfereji, mengi, mpaka achoke mwenyewe.

Ndipo shirika likaja. Jina lake tuliache, lilikuwa refu na sasa halipo. Pesa zilitoka ng'ambo, kwa serikali ya watu wengine, na injinia aliyeletwa aliitwa Joab Owiti. Baba yake Joab alitoka upande wa ziwa akaja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na Joab alizaliwa papa hapa, katika nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo aliweza kusalimia "Chamgei" bila wazee kumcheka. Alieleza mambo kwa upole. Chemchemi ya bondeni itajengewa saruji. Bomba litapanda mlima. Pampu ya sola itasukuma maji hadi tangi kubwa huku juu, na chini ya tangi kutakuwa na mifereji mitatu. Shirika litaleta vifaa, na sisi tutaleta mikono na ardhi.

Mikono ilikuwa tele. Ardhi ndiyo iliyokuwa shida, kwa sababu mahali pa juu kabisa palikuwa kwa Bethwel, penye chai aliyoipanda mwaka aliozaliwa Kiplimo. Joab akaenda kumwomba pale kitandani, kofia mkononi.

"Ng'oa," Bethwel akasema.

Joab akadhani ulimi ndio uliomsaliti mzee. "Mzee, hiyo ni chai ya bonasi. Fikiria kwanza."

"Ng'oa, kijana. Chai bila maji utaipikaje?"

Shina la chai la miaka thelathini halitoki kwa kubembelezwa. Rebeccah alichimba, na Marcella, jirani na rafiki yake tangu walipokuwa maharusi, alikata mizizi kwa shoka huku akiitukana mizizi, na mama wa mizizi, na nyanya wa mizizi. Baada ya hapo ukaja mtaro wa bomba. Kila boma lilipewa kipande chake, na watu walichimba wakishindana. Rebeccah akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa kuwa aliyetoa chai yake hawezi kuambiwa akae nyuma.

Ikafika Novemba, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne. Saruji imekauka, bomba limelazwa, tangi jeusi limekaa juu ya jukwaa la mawe, mifereji inang'aa. Kila kitu kilikuwepo ila pampu. Pampu ilikuwa imekwama bandarini Mombasa kwa mambo ya ushuru, na wageni kutoka ng'ambo, wenye pesa zao, walikuwa wanakuja Ijumaa kufungua mradi.

Joab aliita kamati kanisani. Alikuwa amekonda kwa wiki moja. "Nitawapigia wakubwa Nairobi," akasema. "Niwaambie ukweli, wasogeze siku."

"Hao wageni wameshatoka kwao?" Rebeccah akauliza.

"Wameshafika Nairobi, mama."

"Wamevuka bahari, na wewe unataka wakute mfereji mkavu?"

Sasa hapa lazima mtu ajue tulivyo. Kwetu mgeni hapokelewi na kibuyu kitupu. Kama ng'ombe amekauka, mwenye nyumba hupita nyuma ya boma akaazima maziwa kwa jirani, akamimina, akamkaribisha mgeni kwa uso mkunjufu, na mgeni haambiwi yametoka wapi. Kumwambia ni kumtia aibu, ajione amekula cha maskini. Hivyo ndivyo Rebeccah alivyolelewa, na mama yake kabla yake. Na pampu si ilikuwa njiani? Wiki mbili, tatu? Basi tutaazima maji bondeni, tutayatia kwenye tangi, wageni wafungue, wanywe, wafurahi, waende. Pampu ikija itakuta sherehe imeshapita. Kanisa zima likaitikia. Hakuna aliyeona ubaya.

"Mama Kiplimo," Joab akasema, "hawa si wageni wa kunywa maziwa. Hawa wanakuja kukagua."

"Mgeni ni mgeni, Injinia."

Angekataa. Alikuwa na haki ya kukataa, na ndiye aliyesoma. Lakini bosi wake alikuwa ameshachapisha kitambaa cha sherehe chenye tarehe, na kijana alikuwa na watoto wa kulisha. Akanyamaza, nasi kunyamaza kwake tukakuita heshima.

Wanawake wakabeba. Alhamisi nzima walipanda na kushuka, wenye punda na punda wao, wasio na punda na migongo yao, wakiimba kama watu wa harusi. Ngazi iliegemezwa kwenye tangi, Marcella akasimama juu kabisa akipokea na kumimina. "Huyo mzungu asipomaliza vikombe viwili," alipiga kelele kutoka huko juu, "nitamshika pua nimnyweshe kama ndama!" Walicheka mpaka mitungi ikawatoka mikononi. Goti la Rebeccah lilivimba, akalifunga leso na kuendelea. Nakwambia, hata maumivu siku hiyo yalikuwa matamu, kwa sababu yalikuwa ya mwisho.

Ijumaa wageni wakaja. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mrefu mwenye mvi, na hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo linaloudhi mpaka leo. Rebeccah alimpa mursik katika kibuyu chake mwenyewe, kile alichokuja nacho ndoani, na yule mama akayanywa yale maziwa ya mkaa yote bila kukunja uso. Kisha akafungua mfereji. Maji yakaruka! Vigelegele vikasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mgeni akakinga viganja, akanywa, akauliza kitu, na Joab akatafsiri akiangalia viatu vyake: "Anauliza maji haya yanatoka wapi."

Rebeccah akanyoosha mkono. "Huko chini. Bondeni."

Hakusema uongo hata chembe. Wanawake nyuma yake wakapasuka kwa kicheko, wakashikana mabega wasianguke, na Rebeccah naye kikamshinda, akacheka kichwa nyuma, mkono kwenye mfereji, maji yanamrukia. Mgeni akaona furaha, akacheka nao. Mwenye kamera akapiga.

Walipoondoka tangi lilikuwa na maji kidogo yaliyobaki. Rebeccah hakumwuliza mtu. Alijaza beseni kubwa, akaongeza sufuria moja ya moto, akamwogesha Bethwel mchana kweupe, akimwagia na kumwagia tena. Bethwel alifumba macho. "Siku pampu ikija," akasema kwa ule ulimi wake mzito, "nitavaa shati." Rebeccah akalitoa shati jeupe sandukuni, akalipiga pasi ya makaa, akalitundika msumarini kando ya kitanda lingoje.

Desemba shirika likaleta kalenda za mwaka mpya. Picha ilikuwa moja tu, kubwa, na ndani yake alikuwa Rebeccah anacheka, mfereji unatiririka. Chini yake paliandikwa kwa Kiingereza kwamba kazi ya Kaptoroi imekamilika. Mlima mzima ukaanza kumwita Mama Kalenda, na yeye alijifanya anachukia. Aliibandika ukutani mkabala na kitanda, Bethwel aione.

Januari redio ikatangaza kwamba kule ng'ambo serikali imebadilika, na wakubwa wapya wamesimamisha misaada yote kwanza, waangalie kama ina faida. Pesa ni zao. Mtu hakatazwi kuangalia pesa zake. "Kwani siku zote walikuwa wanatupa macho yamefungwa?" Marcella akauliza, na watu wakacheka, kwa kuwa bado tulidhani jambo hilo ni la watu wengine. Pampu yetu ilishanunuliwa. Ilikuwa imekaa bandarini tu.

Wiki zikapita, simu ya Joab haishikwi. Mwishowe Rebeccah akamwachia Marcella mgonjwa, akaenda Kericho mjini. Kwenye ofisi ya shirika alimkuta Joab anapakia viti katika pikapu. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimeng'olewa, zimebaki tundu za misumari.

"Mama Kiplimo." Joab akaweka kiti chini, akakifuta vumbi, akamkalisha hapo hapo nje. "Nimeachishwa kazi. Sote tumeachishwa. Niliogopa kukupigia."

"Pole, kijana wangu. Pampu je?"

"Ilitoka bandarini."

"Iko wapi?"

Joab akachuchumaa mbele yake kama mtu anayezungumza na mama yake mzazi. "Tuliambiwa kilichobaki ghalani kipelekwe kwa miradi ambayo haijaisha, kisha tufunge. Na wa kwenu umeisha, mama. Uliandikwa umeisha. Pampu imeenda kwa mradi wa Soin. Wale wa Soin waliwaambia wageni bado."

Rebeccah akauliza swali la ajabu. "Wale wa Soin waliwapokea wageni na nini?"

"Soda. Na mfereji mkavu."

"Na wewe hukusema ukweli wetu?"

"Nilisema. Naapa nilisema. Bosi akanionyesha kalenda. Akaniuliza, sasa huyu mama anacheka nini?"

Hakumtukana. Angemtukana nani? Yule mama wa mvi aliyekunywa kibuyu chote? Wakubwa wa ng'ambo wasiojua Kaptoroi ni mlima au ni ugonjwa? Aliyemchukia kuliko wote siku hiyo alikuwa yule mwanamke wa kwenye picha, na meno yake yote nje. Akampa Joab mkono, akarudi nyumbani, na kabla hajavua viatu akachukua mtungi.

Tangu hapo jina lile likawa na miiba. Mtoni, wanawake wale wale walioimba pamoja naye walikuwa wakisema, kwa sauti ya kusikika, "Mwulizeni Mama Kalenda atufungulie." Na mitaro walichimba wao, na Alhamisi ile walibeba wao, na kanisani waliitikia wao! Lakini lawama haigawanywi kama nyama. Alienda ofisi moja ya maji ya serikali, na kijana mmoja akamgeuzia kompyuta aone ramani: mlima wenu una maji, mama, tazama, alama ya buluu. Alirudi tena, na tena, hadi mlinzi akaanza kumwambia kuwa wakubwa wametoka.

Siku moja kwa hasira aliigeuza kalenda iangalie ukuta. Bethwel akagonga kitanda kwa ule mkono mzima.

"Rudisha."

"Ya nini? Inanitukana."

"Rudisha. Hapo ulikuwa unacheka."

Akairudisha. Nalo shati likabaki msumarini, likianza manjano kwenye kola, na kila baada ya muda Rebeccah alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha.

Bethwel alikufa Septemba, asubuhi, Rebeccah akiwa bondeni. Alipofika mlangoni, mtungi bado mgongoni, aliona mdomo ulivyokaa akajua. Hakupiga ukemi. Alifungua kamba, akamimina maji ya mtungi ule katika beseni, akamwosha. Alimwosha vidole, nyuma ya masikio, miguu mpaka katikati ya vidole kama alivyopenda mwenyewe. Maji yakaisha kabla hajamaliza mgongo, na mfereji ulikuwa pale nje, unaonekana dirishani, mkavu. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto. Alikuwa ameahidi maji mengi.

Kukiwa na msiba kwetu wanawake hawangoji kuitwa. Huja na kuni, huja na maji. Na kwa kuwa Bethwel alijulikana na kila aliyewahi kupeleka majani kwenye kituo, ilionekana wazi kwamba mapipa ya kanisa hayatatosha wapishi na wageni. "Tutatia kwa tangi," Marcella akaamua. "Angalau lifanye kazi." Mjane haulizwi mambo ya sufuria. Rebeccah, akiwa ameketi ndani na wakwe, aliona dirishani ile ngazi imeegemezwa tena na wanawake wanapanda mmoja mmoja, safari hii bila wimbo.

Siku ya mazishi mheshimiwa, yule tuliyempigia kura, alikuja amechelewa, na gari lake likamwaga matope mpaka kwenye hema. Kabla ya kuketi alienda kwenye mfereji akanawa mikono, akaosha na viatu. Alipopewa nafasi ya kusema alisema vizuri, kama wote wanavyosema.

"Nimekuja hapa na huzuni, lakini pia niko na furaha. Nimenawa mikono na maji safi ya mfereji. Mzee Bethwel alitoa shamba yake, na leo tunaona matunda. Wengine huko chini wanateseka. Kaptoroi nyinyi mko sawa! Kwa hivyo pesa ya maji ya mwaka huu, mtaniruhusu nipelekee wale hawana. Ama namna gani?"

Wachache wakapiga makofi kwa mazoea. Wengine wakaangalia miguu yao. Nyuma kabisa Joab, aliyekuja kwa nauli yake mwenyewe, aliinuka nusu, akakaa. Rebeccah akamtazama Marcella, na Marcella akatazama chini. Kiplimo, aliyekuja kutoka Nakuru kumzika baba yake, akamshika mama mkono. "Mama, wacha. Ni mgeni. Tuzike kwanza."

Ni mgeni. Maisha yake yote Rebeccah alikuwa amemkinga mgeni na aibu, na aibu yenyewe akaibeba yeye, mtungi juu ya mtungi. Akaona pale mbele jeneza, na ndani ya jeneza lile shati jeupe lililongoja pampu. Akainuka.

"Mheshimiwa, hayo maji yamebebwa."

Mheshimiwa akatabasamu kwa huruma. "Pole sana mama. Tunaelewa uchungu wako."

"Yamebebwa na hawa. Jana na leo. Hakuna pampu hapa."

"Kweli mama, kweli. Mungu akutie nguvu." Akampa mchungaji ishara, na mchungaji, mtu wa amani, akaanzisha wimbo.

Rebeccah akauacha wimbo, akaenda kwenye tangi. Goti lilimvuta lakini hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akafungua mfereji wa kwanza mpaka mwisho. Maji yakapiga matope, na wimbo ukapungua. Akafungua wa pili.

"Woi! Mama Kiplimo, maji!" Wapishi waliacha miko, wakapiga kelele kama mtu anachinjiwa ng'ombe wake mchana. Walijua bei ya kila tone. Marcella alitoka mbio, na kila mtu alidhani anaenda kufunga. Akasimama mbele ya rafiki yake, kifua kinapanda na kushuka. Wakaangaliana. Kisha Marcella akanyoosha mkono akafungua wa tatu.

Yakatiririka. Yakapita chini ya viti, kati ya viatu, watu wakainua miguu, na mheshimiwa naye akainua yake. Yakaenda zake hadi palipokuwa na chai ya Bethwel. Wimbo ulikuwa umekwisha kabisa sasa, kila mtu anasikiliza maji yanavyopungua, yakawa uzi, yakawa matone. Mifereji ikakohoa hewa, mmoja baada ya mwingine, ikanyamaza.

"Sasa tungoje lijae," Rebeccah akasema. "Sote tungoje."

Wakangoja. Hakuna aliyekohoa. Hata watoto wachanga ni kama walijua. Mheshimiwa alitazama mifereji, akatazama saa, akatazama mchungaji, mwishowe akasema, "Tumesikia, mama," akaenda kwenye gari lake kabla ya jeneza kushushwa. Hajarudi mpaka leo.

Wakamzika Bethwel. Baada ya hapo wageni wakabaki wameketi, mikono haijaoshwa, na mchele haujatiwa maji. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwa na hema la watu la kulisha. Wanawake walianza kuokota mitungi bila kuambiana, na hakuna aliyemlaumu Rebeccah, wala hakuna aliyemshukuru.

Rebeccah naye akachukua kamba yake. Kiplimo akasimama mbele yake. "Mama, wewe ni mjane leo. Huwezi kwenda mtoni. Watu watasema nini?"

"Nipishe, mwanangu. Hawa ni wageni wetu, na hawajala."

Akafunga mtungi mgongoni, akawafuata wenzake. Walipofika nusu ya njia mvua ikaanza, ile ya alasiri, nzito, nao wakaendelea kuteremka.